Sindano ya Wajawazito

Ifakara wananijua kwa sindano. Sokoni wanawake wakiniona hujishika bega kwa utani, na watoto hunikimbia hata nikiwa nimebeba mchicha. Miaka yote hii, kliniki na kwenye kliniki ya mkoba tunayoipeleka kwa pikipiki hadi Idete, nimesema maneno yale yale: kinga ni bora kuliko tiba. Nimeyasema mpaka yamekwisha utamu. Siku hizi nayataja kama mtu anavyotaja bei ya nyanya.

Kaka yangu mkubwa hakuwahi kuchanjwa. Alizaliwa na kukulia shambani, mbali na kliniki, na ukubwani hakuna aliyemwita. Huku kwetu sindano ya pepopunda wanaipata wajawazito, wanaume wakaamua kuwa ni mambo ya kike. Wifi yangu, mke wake, anazo zote tano, alizozikusanya mimba kwa mimba. Kila mwaka mpunga ukianza kutoa masuke, wao wawili hufunga nyumba yao ya Katindiuka wakahamia kwenye dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa katikati ya shamba, kuwinga ndege mpaka mavuno. Wanakanyaga tope moja, wote peku. Mmoja ana kinga, mwenzake hana. Mimi nililijua hilo, na kila mwaka nilisema nitamchoma akija mjini. Mganga hajigangi, wanasema. Basi mimi hata ndugu yangu sikumganga.

Msimu uliopita alinipigia simu jioni. Nilikuwa nimetoka kazini, nimeloweka miguu kwenye beseni. Akaniambia amekanyaga kisiki cha tete, kimemwingia unyayoni.

"Kadogo tu," akasema. "Nimetia majivu, damu imekata."

"Kaka, njoo kesho nikuchome ya pepopunda."

"Ile ya wajawazito?" Akaangua kicheko. "Mdogo wangu, unataka nizae? Na hawa ndege nimwachie nani?"

Nikacheka na mimi. Nilikuwa nimechoka, na utani wake siku zote ulikuwa mtamu. Nikamwambia basi, aje Jumamosi. Angekuwa mtu baki ningemgombeza mpaka simu imwie moto sikioni. Jumamosi hakuja, wala mimi sikupiga kuuliza.

Siku chache baadaye wifi alimleta hospitali kwa bodaboda, yeye amekaa nyuma amemshikilia asianguke. Niliwakuta mlangoni.

"Shikamoo, kaka."

Hakuitika. Tangu nipate akili, kaka yangu hajawahi kuiacha shikamoo yangu bila jibu. Meno yalikuwa yamebana, midomo imevutika pembeni kana kwamba anacheka, na macho yananitazama. Sikuhitaji daktari aniambie.

Walimlaza kwenye chumba cha giza, maana mwanga na kelele huamsha mikakamao. Kifuniko cha sufuria kikianguka nje, mgongo wake ulijikunja ukainuka kitandani, na jasho likamtoka kama maji. Akili yake ilikuwa timamu muda wote. Hilo ndilo baya la ugonjwa huu. Wifi na mimi tulipokezana kukaa naye, tukinong'ona, tumevua viatu. Huko shambani ndege wakala mpunga, hakuna aliyewawinga. Nilimwomba Mungu. Kisha nikamkasirikia kaka kwa ubishi wake na ndege wake. Hasira hiyo haikudumu, maana nilijua inakostahili kwenda.

Alipona. Wengine hawaponi, nami sina maelezo. Alitoka baada ya wiki nyingi, amekonda, anatembea kwa fimbo. Wifi akashukuru kwamba sasa ameshaugua, hautamrudia tena. Ikabidi nimkalishe chini nimweleze: pepopunda si surua. Ukipona haukuachii kinga yoyote, kesho ukijichoma tena unaanza upya. Sindano ya kwanza alichomwa wodini, ya pili ilibidi aifuate kliniki.

Akaja, siku ya wajawazito. Akakaa kwenye benchi katikati ya matumbo, kofia yake mapajani. Mama mmoja, mtani wake, akamuuliza mimba ina miezi mingapi. Benchi zima likacheka. Yeye akatazama sakafu.

Zamu yake ilipofika akakunja mkono wa shati.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu."

Ile marahaba nusura initoe machozi. Nikamchoma, nikambandika pamba. Aliikandamiza kwa kidole, akasema taratibu, taya lake bado zito:

"Siku ile kwenye simu, ungenifokea ningekuja. Uliponicheka, nikajua si kitu."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ananieleza tu jinsi ilivyokuwa. Nikamwandikia tarehe ya sindano ya tatu kwenye kadi ya wajawazito, maana siku hiyo kadi nyingine hazikuwepo, naye akaiweka mfuko wa shati, akachukua fimbo yake na kutoka.

Aliyefuata alikuwa binti mwenye mimba yake ya kwanza. Alikaa, akaitazama sindano, akaficha mkono ndani ya khanga.

"Leo hapana, nesi," akasema huku anacheka. "Nitakuja wiki ijayo."

Sikucheka.