Mama Aliyekata Magodoro ya Boti

Mama aliyekuwa akikata na kushona magodoro kule Ipuli, hapa Tabora, hatunaye tena. Habari nilizipata sokoni Jumamosi, kwa muuza vitambaa aliyekuwa akimuuzia vitambaa vya kava. Aliniambia huku akiendelea kukunja jora lake, kana kwamba akiacha kukunja mikono itamshinda. Mimi nikafanya ninachofanya kila siku, nikaanza kuwaza. Niende msibani nikiwa nani? Sikuwa ndugu wala jirani, na mteja wa kudumu sikuwa. Nilimfahamu kwa alasiri moja ndefu na salamu nyingi za kupita njia. Wasomaji wangu mmezoea kuniona nikigeuzageuza jambo dogo mpaka lipate moto. Leo nitajitahidi kwenda moja kwa moja, maana ndivyo alivyopenda yeye.

Alasiri hiyo nilikuwa nimemaliza chuo, kazi sina, na chumba nilichopanga kilikuwa chembamba kiasi kwamba godoro la tatu kwa sita lilizuia mlango kufunguka. Nikampelekea alipunguze. Nilimkuta na mwanamume aliyekaa juu ya furushi, amenuna. Huyo alikuwa fundi mitambo wa boti ya mizigo katika Ziwa Tanganyika, mzaliwa wa Goweko, na furushi lile lilikuwa godoro alilokatiwa na mama, ambalo sasa alikuwa amelirudisha kwa treni kutoka Kigoma. Kitanda cha kabini, nilikuja kuelewa, si kama cha nyumbani. Kinafuata ubavu wa boti, kwa hiyo upande mmoja umenyooka na mwingine umepinda, ukizidi kubana kuelekea miguuni. Tena ubavu wenyewe hausimami wima kama ukuta wa nyumba. Umelala kwenda nje, na godoro lazima liwe pana juu na jembamba chini. Ili kuchukua umbo hilo, fundi alitandika kitandani gunia la kufungia tumbaku, akalichora kwa kidole chenye oili ya injini, akalituma Tabora. Oili ikapenya, alama ikaonekana pande zote mbili, na mama akaliweka gunia juu ya sponji likiwa kifudifudi. Godoro la kawaida ukikosea upande unaligeuza, yakaisha. Hili ukiligeuza, upana unahamia chini na linakataa kukaa.

Kwa yule bwana jambo hilo halikuwa dogo. Alikuwa akilala juu ya mbao tupu, na mgongo ulikuwa umekakamaa hata kuinamia injini ikawa shida. Mwenye boti alishamwambia kwa upole kwamba labda akapumzike nyumbani, naye alijua maana ya upole ule. Nyumbani Goweko ni kwenye tumbaku, kazi aliyoikimbia ujanani.

“Mama, umenikatia godoro la mtu mwingine,” alisema.

“Basi mtu huyo atakuwa na lako. Mwambie alilete,” mama akajibu bila kucheka. Kisha akaweka mkasi chini. “Nimekosea, baba. Nakukatia jingine. Ila safari hii gunia siliamini.”

Hapo mdomo wangu ukaanza. Nikauliza kama gunia halijanyumbuka njiani. Nikauliza juu ni wapi na chini ni wapi, kama boti ikiyumba godoro halitateleza, na maji yakiingia itakuwaje.

“Maji yakiingia, atalishikilia aogelee,” alisema mama.

“Sponji inakunywa maji, mama.”

“Basi atazama amelala vizuri.”

Fundi akacheka kwa mara ya kwanza. Mimi nilijua sasa nafukuzwa, lakini mama alinisogezea kigoda. “Kaa hapa, mwanangu. Wewe kazi yako kuuliza. Uliza yote sasa hivi mpaka uishiwe. Nikishika kisu usinisemeshe. Kuuliza si ujinga, lakini kuuliza kisu kikiwa katikati ni kuniharibia sponji.”

Akaanza na swali la juu na chini. Alitandika gunia sakafuni, akamgeukia fundi. “Lala.”

“Hapa chini?”

“Ulikuja na kitanda?”

Yule bwana akajinyoosha chali juu ya gunia, akafumba macho kama alivyoambiwa. “Uko botini,” mama akasema. “Ukuta uko mkono gani?” Mkono wake wa kulia ukainuka taratibu, ukapapasa hewa ya Ipuli ukitafuta bati la boti iliyokuwa mbali ziwani. Mwili ulikumbuka kile ambacho gunia lilishindwa kusema. Kumbe safari ya kwanza lilikuwa limegeuzwa. Mama akaligeuza, akachora kwa chaki mahali pa kichwa.

Swali langu la mwisho nusura nilimeze. Godoro lenyewe linapitaje mlangoni? Fundi akafumbua macho. Mlango wa kabini ni mdogo, akasema. Lile la kwanza walilikunja na kulifunga kamba, na bado kava lilichanika. Tena chini ya kitanda kuna sanduku la spana, na kila akitaka spana lazima aliinue zima, na mgongo wenyewe ndio huo. Mama akaamua kulikata vipande viwili usawa wa magoti na kuviunganisha kwa juu kwa kitambaa kigumu, ili upande wa miguu ukunjwe juu ya ule wa kichwa kama kitabu. Kisha akachukua kisu kirefu cha mkate, akakilaza mshazari, akakata. Kisu hakikusita hata mara moja. Nami sikusema neno.

Nimeiwaza sana alasiri hiyo. Viwanda vinatoa tatu kwa sita na nne kwa sita, na vyuo vinatutoa sisi kwa vipimo vinavyokaribia kufanana. Lakini mahali pa kulala, na pa kufanyia kazi, mara nyingi pana kona ambayo kiwanda hakikuiona, na hapo ndipo anapohitajika mtu mwenye kisu. Mji huu umefanya kazi hiyo muda mrefu. Enzi za misafara, mizigo kutoka pwani ilifunguliwa hapa na kufungwa upya kabla ya kuelekea ziwani, kwa sababu kilichokaa vizuri boharini hakikai vizuri begani. Leo mzigo unapanda treni. Tatizo la bega liko pale pale. Nasi vijana tunahimizwa kujiamini, kana kwamba anayejiamini hana swali. Mama yule alijiamini baada ya kuyachosha maswali, na pale alipokosea alisema amekosea kwa sauti ile ile aliyotumia kutania.

Msibani nilikwenda. Sebuleni magodoro yalikuwa yametandikwa kwa akina mama, na nje, chini ya turubai, wanaume tulipewa moja lenye ubavu uliopinda. Juu yake alikuwa amekaa fundi mitambo. Lile lililokosewa mama hakulifumua; alilifanya la kukalia anaposhona. “Nimemkalia yule mtu mwingine,” fundi aliniambia akinipisha. Nikamuuliza habari za mgongo. “Siku hizi nasahau kama ninao. Goweko naenda kusalimia tu.”

Matanga yalipoanuliwa, binti wa marehemu alifungua chumba cha kazi. Mezani palikuwa na sponji yenye mistari ya chaki ya mama yake, godoro la kitanda cha nahodha wa boti ile ile, ambalo fundi alitakiwa kuondoka nalo. Binti hakuligusa. “Mimi nashona tu. Kukata alikuwa anakata mama.”

“Basi nalibeba hivi hivi,” alisema fundi. “Nahodha atalalia mistari.”

Nikavuta kigoda. Niliuliza juu ni wapi, ukuta uko mkono gani, mlango ukoje, kiungo kiko wapi. Fundi akalala sakafuni bila kuambiwa, na safari hii mkono wa kushoto ndio uliopapasa. Binti akafuata kila mstari kwa kidole, akauona umekubaliana na majibu.

“Una swali jingine, kaka?”

Nilikuwa nalo, huwa sikosi. Lakini nililipima nikaona halihusu godoro, linahusu woga wangu. “Sina,” nikamwambia. Akashika kisu, akakata.

Nadhani hilo ndilo alilotuachia. Swali la godoro liulize mapema, hata wakikucheka. Swali la woga limeze, umwache mwenzako akate.