Kitabu Kimoja, Pande Nne

Nyinyi mliozaliwa kabla lami haijafika mtaa wetu wa Muhima hapa Kigali, kaeni vizuri. Haya ni yetu. Vijana wakitaka kusikiliza wakae pembeni, na masikioni watoe vile viwaya vyao.

Mimi shule niliishia darasa la pili. Duka langu la misumari na mabati nililijenga mwenyewe, na kusoma nasoma. Wajukuu wangu wananiambia eti Kiswahili ni lugha ya wageni. Ninawauliza, kwenye lugha yenu ya nyumbani, igitabo mmekitoa wapi? Ikaramu je? Kitabu na kalamu ni maneno ya Waarabu, yalipanda kutoka pwani pamoja na mizigo ya chumvi na nguo. Ishuri ni shule, na shule ni ya Mjerumani, yeye alikwenda zake neno likabaki. Ikaye, daftari, ni ya wale wa Kifaransa. Ukimnyang'anya mtoto wa Kigali maneno ya kuazima, asubuhi ataamka hana pa kwenda wala cha kubeba. Haya sikufundishwa darasani, niliambiwa na madereva wa malori pale Nyabugogo, na dereva wa lori ana muda mwingi wa kufikiri.

Basi, tulipokuwa wadogo, kusoma tulifundishwa na katekista Petero, Mkongo mmoja mwembamba mwenye sauti nene kuliko mwili. Tulitoka kucheza mpira wa majani ya migomba, miguu myekundu kwa vumbi, mdomoni bado viazi vitamu, tukakaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba yake. Kitabu kilikuwa kimoja. Kimoja, kwa watoto wa mtaa mzima! Petero alikiweka katikati kwenye kigoda, akapitisha kijiti juu ya maneno, sisi tukaimba nyuma yake.

Mahali pa kukaa palikuwa na sheria zake. Upande wa Petero walikaa watoto wake na wale ambao mama zao walileta kuni. Mama yangu alileta maneno tu. Mimi nikapewa upande wa mbele, nikitazamana na Petero, na herufi zote zikinijia miguu juu. Mstari wa kwanza kwangu ulikuwa chini, nikapanda nao kama mtu anayepanda mlima kutoka Nyabugogo. Wa ubavuni waliona mistari imesimama kama miti ya uzio. Mmoja wao alikuwa Anastazia, ambaye leo ni mke wangu. Mpaka sasa akisoma somo kanisani analaza kichwa begani, na watu wanasema, tazama mama yule alivyo na ibada. Ibada gani? Ndivyo alivyokaa mkekani.

Hakuna aliyetuambia kuwa kitabu kina juu na chini. Tulidhani kila mtu ana upande wake, kama kitandani.

Sasa ikaja komunyo ya kwanza. Siku hizo padri alikuwa akimpima kila mtoto: sala kwa kichwa, halafu kusoma. Ukishindwa, unarudi mkekani mwaka mzima na watoto wanaonyonya vidole. Mama alikuwa ameshanishonea shati jeupe, pombe ya ndizi imeshaiva, na shangazi zangu wameshafika tangu jana na njaa zao. Asubuhi ile aliniambia neno moja tu: "Ukishindwa, hawa watu nitawaambia wamekuja kula msiba wa nani?"

Sala nilizimwaga zote. Padri, mzungu mwenye ndevu za kahawia, akanipa kitabu. Nikakigeuza. Akadhani nimekosea, akakirudisha. Nikakigeuza tena. Akakishika kwa nguvu, nami nikakishika kwa nguvu, tukawa tunavutana mbele ya msalaba kama watu wanaogombania mbuzi. Akasema mtoto huyu hata kukishika kitabu hajui, aende arudi mwakani.

Bwana, nililiona shati langu likivuliwa. Niliwaona kuku wa mama wakiliwa na shangazi wenye nyuso za kununa. Nikalia. Petero, jasho likimtiririka, akasema polepole, "Padri, mwache akishike anavyokijua."

Padri akafungua ukurasa wa mbali kabisa, ambao hatukuwahi kuufikia, ili anishike na uongo wangu. Nikakipindua, nikasoma. Nilisoma kama gari lisilo na breki, nukta nikaziruka, sikupumua mpaka chini. Yaani juu. Padri akakichukua kitabu. Akamwita Anastazia, naye akakishika kitabu kiubavu, akalaza kichwa, akasoma vizuri tu. Ndipo Petero alipoeleza habari ya kigoda na kuni.

Padri akajikuna ndevu, kisha akanirudishia kitabu. "Pita," akasema. "Huko juu nao wanatusoma kutoka upande wako."

Nyumbani mama hakuuliza habari ndefu. Aliazima kitabu kwa Petero, akanisimamisha mbele ya wageni nisome. Nikakipindua, nikasoma. Mama hakujua hata herufi moja, lakini alikuwa anaitikia kwa kichwa kila nilipovuta pumzi. Shangazi mkubwa akaweka chini paja la kuku, akasema kumbe ndiyo sababu yeye hajawahi kuelewa kitu, siku zote alikuwa anakishika vibaya.

Upande ule umenifaa. Mpaka leo nikiitwa ofisi za serikali kule Kacyiru, kijana wa tai anaweka karatasi upande wake na kunieleza mambo nusu nusu. Mimi namwacha aeleze. Nimeshamaliza kusoma.

Mwaka huu mjukuu wangu Keza amepata komunyo. Kila mtoto alikuwa na kitabu chake, kipya, kinanukia duka. Hakuna aliyelia, hakuna aliyevutana na padri. Kwenye sherehe wakala wali wakitazama simu zao, kimya kama wagonjwa. Keza akanionyesha kwenye simu yangu sala aliyoisoma. Nikaigeuza simu. Herufi nazo zikageuka. Nikaigeuza tena, zikanifuata tena, mashine ina kiburi kuliko yule padri. Keza akacheka mpaka akashika tumbo. "Sogokuru," ndivyo anavyoniita mimi babu yake, "lete nizifunge zisizunguke."

Akazifunga. Nikasoma sala yote kwa upande wangu, bila kukwama. Ilikuwa nzuri. Nikasogeza sahani, nikaiweka simu mezani katikati, nikamwambia aje akae mbele yangu tusome pamoja.

Akasema asante, Sogokuru, yeye ana simu yake.