Siku Delbert Alipolegeza Mshipi

Tulimzika kaka yangu Delbert mwezi wa Machi, ardhi ya huku kwetu kaskazini mwa Wisconsin ikiwa bado ngumu kama chuma. Padri alisema kwamba sasa marehemu amepumzika. Nilisikia watu wa viti vya nyuma wakichekea kwenye leso zao, na sikuwalaumu. Delbert na kupumzika hawakuwahi hata kusalimiana.

Alikuwa dereva wa lori la maziwa. Alizunguka mashamba ya ng'ombe tangu alfajiri, na akirudi nyumbani alitafuta kitu cha kupasua, kung'oa au kupaka rangi. Kanisani alijitolea kupitisha kikapu cha sadaka, kile chenye mpini mrefu, kwa sababu wanaopitisha kikapu husimama mlangoni wakati wa mahubiri, na hakuna anayewauliza kwa nini wanatoka nje kila mara. Hakuoa. Mama alikuwa akisema hakuna mwanamke anayetaka kuolewa na feni.

Hata kuvua kwake kulikuwa hivyo hivyo. Wengine kwetu hutundika nyungunyungu chini ya boya, wakakaa na bia yao hadi boya lizame. Delbert hakuweza. Yeye alivua kwa spina tu: waya mfupi wenye ndoana ya meno matatu, na juu ya ndoana bapa la bati linalozunguka likivutwa majini, linametameta na kutetema kama kisamaki kinachokimbia. Rusha, vuta, rusha, vuta. Na alimtafuta samaki mmoja tu, besi, yule mwenye mdomo mpana na hasira nyingi. Akimpata, humwangalia kidogo, akamrudisha majini. Blugili, wale wadogo wa mviringo ambao sisi wengine tunawaita samaki wa kikaango, yeye aliwaita samaki wa chekechea.

Nataka kueleza Ijumaa moja tu ya maisha yake, kwa sababu ndiyo ninayoiona kila nikifumba macho kumwombea.

Ilikuwa mwezi wa Juni, mwaka ambao Mama alivunjika nyonga. Alipotoka hospitali tulimleta kwangu, nyumba yangu ikiwa ukingoni mwa ziwa na yote iko chini, bila ngazi. Nyonga ilikuwa inaunga vizuri. Kilichokataa ni kinywa. Supu ya kuku, hataki. Viazi vya kusaga, hataki. Nilimkunjia maandazi ya kuchemsha yenye jibini ndani, yale aliyonifundisha mwenyewe nikiwa msichana, akageuza uso ukutani. Hakuwa na hasira na mtu. Alikuwa tu kama mtu aliyekwisha kufunga mizigo yake.

Alhamisi alikuja muuguzi anayetembelea wagonjwa majumbani. Alimpima, akanivuta barazani. "Bernice," aliniambia, "mama yako asipoanza kula sasa, sitakuwa na mtu wa kumpima nikija tena."

Delbert alikuwa upande wa pili wa dirisha. Nilipoingia nilimkuta anaizunguka meza ya jikoni.

"Kaa chini, utanitoboa sakafu."

"Kesho ni Ijumaa," akasema, bila kusimama.

"Najua kesho ni siku gani."

"Mama hajawahi kula nyama Ijumaa maisha yake yote. Ni blugili na siagi. Enzi za Baba ilikuwa kila wiki, Bernice, unakumbuka? Nitamletea blugili."

"Wewe? Samaki wa chekechea?"

Alikuwa amekwisha kutoka kwenda kuangalia fimbo zake za kuvulia.

Asubuhi ya Ijumaa alikuwa gatini kwangu kabla sijachemsha kahawa. Dhoruba ilikuwa imepita katikati ya wiki, na ikaacha mbingu safi na jua kali lisilo na huruma; siku kama hizo samaki hununa. Alirusha spina yake kubwa ya bapa jeupe la fedha, yenye mkia wa manyoya ya kindi kwenye ndoana. Alirusha kulia, akarusha kushoto, akahamia ncha ya gati, akarudi. Jirani yetu Orville Treptow, mzee mkulima mwenye ulimi kama msumeno, alikuwa kwenye mashua yake karibu na mayungiyungi.

"Delbert! Unavua au unasukasuka maziwa utoe siagi?"

"Fumba mdomo, Orville, unawatisha samaki."

"Mimi? Wewe ndiye unayewarushia sufuria!"

Karibu na saa sita alirudi mikono mitupu. Aliingia moja kwa moja chumbani kwa Mama na viatu vya matope, kisanduku cha spina mkononi, akasimama kando ya kitanda. Nadhani hakujua alichokuja kusema.

"Mama, hawali."

Mama alifumbua macho. "Nani hawali?"

"Blugili."

"Unawapa nini?"

Akamwonyesha. Mama aliitazama ile spina kwa muda, kisha akamtazama mwanawe.

"Mdomo wa blugili ni tundu la kifungo cha shati, Delbert. Wewe unampelekea kitasa cha mlango."

"Lakini jua ni kali. Jua kali, bapa la fedha. Baba alisema hivyo."

"Baba yako alijifunzia kwenye ziwa la mchanga, maji meupe kama gini. Hili lina maji ya kinamasi, rangi ya chai. Kwenye chai tia shaba. Leta hicho kisanduku hapa."

Niliweka sinia la chakula juu ya blanketi, lile lile alilokuwa akilirudisha limejaa, na Delbert akamwagia spina zake juu yake. Mama akaanza kuzichambua kwa kidole. Ile ya bapa jembamba kama jani la mwerebi wa mtoni aliisukuma pembeni. "Hii ni ya mtoni, inataka mkondo." Ile yenye ushanga mwekundu: "Hii ulinunua kwa ajili ya macho yako, si ya samaki." Delbert alisimama akichezea funguo zake mfukoni. Mwisho Mama akaokota kutoka chini kabisa spina ndogo kuliko zote, bapa la shaba lisilozidi ukucha wa kidole cha mwisho, limefubaa, halijaguswa miaka.

"Bernice, nipe mkasi wangu wa kushonea."

Akaukata mkia wa manyoya hadi ukabaki mfupi kama nyusi. "Wadogo huuma manyoya, wakaiacha ndoana. Sasa watauma ndoana." Mikono yake, iliyokuwa imelala tu juu ya blanketi siku zote hizo, ilikuwa inafanya kazi. "Weka kipete cha kuzunguka, mshipi usije ukajisokota. Usikiweke hapa shingoni, kitaifanya nzito. Kipandishe juu kidogo. Na uvute polepole."

"Navuta polepole siku zote."

"Wewe hata ukikoroga kahawa unaimwaga. Nenda."

Nilimwinua Mama kwa mito miwili. Kutoka kitandani hakuweza kuliona gati, kwa hiyo nilisimama dirishani.

"Anafanya nini?"

"Anarusha."

"Na sasa?"

"Anavuta."

"Kwa mwendo gani?"

"Kama mtu aliyechelewa Misa."

"Mwambie!"

Nikafungua dirisha. "Delbert! Mama anasema polepole!"

"Hii ndiyo polepole!"

"Anasema bado!"

"Msikilize mama yako, mzee mzima wewe!" Orville akapaza sauti kutoka kwenye mayungiyungi.

Mama alifumba macho, nikadhani amechoka. Kisha akasema, "Mwambie asali. Salamu Maria moja kwa kila kurusha, na spina isifike gatini kabla ya Amina. Atamke maneno yote, asiyameze."

Nilimfikishia ujumbe. Orville alicheka hadi mashua ikayumba. Delbert hakucheka. Alirusha sambamba na ukingo, pale blugili wanapotengeneza viota vyao mchangani mwezi wa Juni, nikaona midomo yake ikianza kusogea. Mkono ukapungua kasi. Nami huku nikawa nasali naye chini chini, neno kwa neno, nikimvuta nyuma kwa sala yangu kama mtu anayemshika mbwa kamba.

Kabla ya Amina fimbo ikapinda.

"Amepata!"

"Mkubwa?"

"Wa kiganja, Mama."

"Huyo ndiye."

Akapata mwingine. Kisha akarusha tena, na maji yakapasuka.

Nimeishi kando ya ziwa hili tangu niolewe, na sijaona besi kama yule. Alitoka mwili mzima hewani, mdomo wazi, ile spina ndogo ikining'inia kwenye pembe ya taya kama hereni. Orville alisimama kwenye mashua. "Ndiye! Delbert, ndiye huyo! Usimwachie!" Mshipi ulikuwa mwembamba kama unywele, na samaki alikuwa anaelekea kwenye magogo yaliyozama. Delbert alikuwa amemtafuta samaki huyu tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Lakini spina ya shaba ilikuwa moja tu, na mshipi ukikatika ingekwenda naye.

Niliona mgongo wake ukikaza. Halafu aliishusha fimbo, akalegeza mshipi. Besi akatikisa kichwa mara moja, akatikisa tena, ndoana ikachomoka. Maji yakatulia.

Orville akavua kofia kama mtu aliye makaburini. "Umerukwa na akili?"

"Nina kazi, Orville," Delbert akasema, akarusha tena. Midomo ilikuwa imekwisha kuanza sala.

"Mbona umenyamaza?" Mama akauliza nyuma yangu.

"Anaendelea vizuri," nikasema.

Ndoo ilipokuwa na samaki wa kutosha, aliwapara magamba mwenyewe kwenye baraza la nyuma, nami nikawakaanga wazima kwa siagi na unga kidogo, nikaweka na kipande cha mkate wa shayiri nyeusi. Delbert alipeleka sinia. Nilisimama mlangoni na taulo mikononi, nikimwomba Mungu jambo moja tu, dogo.

Mama alifanya ishara ya msalaba. Akabonyeza nyama ya samaki kwa kidole kutafuta mwiba, akachambua kidogo, akatia kinywani. Akatafuna kwa muda mrefu. Akameza.

"Chumvi," akasema.

Delbert alikwenda mbio kuileta. Mama aliinyunyiza, akachukua kipande kingine, kikubwa zaidi. Mungu alimpa miaka mingine minne baada ya siku ile, na ninaihesabu yote tangu kipande hicho cha pili.

"Nilimsikia Orville akipiga kelele," akasema, kinywa kimejaa. "Ulipata nini?"

"Kibesi tu, Mama. Kiliniponyoka."

"Kikubwa kiasi gani?"

Kaka yangu, ambaye maisha yake yote aliongeza shubiri moja kwa kila samaki aliyewahi kumgusa, aliinua mikono yake miwili, akaiweka karibu karibu. Kisha akaisogeza karibu zaidi.

"Bora kimekwenda," Mama akasema, akavunja mkia wa blugili uliokauka kwa siagi na kuutafuna.