Punje Upande wa Mkono Mzima

Mjukuu wangu alifanya ujinga, na nilimwambia usoni. Lakini yule aliyetaka kumfanya mwongo, huyo simsamehe mpaka naingia kaburini.

Binti yuko mwaka wa tatu chuo kikuu. Mume wangu alipopata kiharusi, mkono wa kushoto ukafa, huyu binti ndiye aliyekuwa akimlisha. Kwa hiyo maabara ya ubongo ilipotafuta wanafunzi, akakimbilia. Kazi yenyewe panya. Wanawaziba mshipa wa kichwani, wanapata kiharusi, kisha wanawekewa punje ya chakula upande wa mkono mbovu, ionekane nani anaifikia. Panya waliopewa dawa ya kujaribiwa alikabidhiwa binti. Wasiopewa alikaa nao kaka mmoja wa shahada ya pili, msimamizi wake.

Sasa huyu wangu, kwa mazoea ya kumlisha babu yake, akimwona panya anahangaika anamsogezea punje upande wa mkono mzima. Hata hakujua anafanya. Panya wake wakaonekana wanaifikia kuliko wengine, dawa ikasifiwa, watu wakapongezana. Siku anatazama video, akauona mkono wake mwenyewe unasogeza.

Kaka akamwambia anyamaze, nani atajua. Binti akaja kulia jikoni kwangu. Nikamuuliza hiyo dawa wataimeza panya au watameza kina babu yake? Nikamwambia apenge kamasi aende akaseme.

Akasema, akafukuzwa. Profesa mwenye maabara alimwambia mbele ya wenzake, "Panya si babu yako, binti." Wakacheka. Aliyecheka kuliko wote ni huyo kaka, na koti jeupe analo mpaka leo, maana binti hakumtaja. Nikimuuliza kwa nini, ananiambia bibi, yaishe. Yaishe wapi?

Juzi kaka kapiga hodi, mpole kama kamwagiwa maji. Panya wapya wanang'ata kila mtu, kwa binti tu ndiyo walikuwa wakitulia. Profesa anaomba aende awafundishe wenzake kuwashika. Kushika tu, utafiti hapana.

Binti huyo anatafuta viatu. Nikasimama mlangoni.

"Kamwambie profesa wako panya si babu yake huyu. Na umwambie nani alimwambia huyu anyamaze. Ukishasema, ndiyo atavaa viatu."

Nikafunga mlango.

Ndani mzee wangu anacheka kwa nusu mdomo, uji unamchirizika kidevuni. Binti kashika kiatu kimoja, kaninunia.

Anune.