Sema Tena, Mnara

Mwalimu alikuwa na ugonjwa mmoja tu maishani mwake: kuwamalizia watu maneno. Wala si ajabu. Miaka thelathini na minne alifundisha darasa la kwanza, na kila aliyepita darasa la kwanza anajua kazi ile inavyokwenda. Mwalimu anasema, "Huu ni mkono wa ku...?" na darasa zima linapasua paa, "...liaaa!" Sasa amestaafu, watoto hawapo, na ulimi hauna mfupa wala haujui kustaafu. Ukimwendea na habari yako ukasema, "Jana nimekutana na ma...", keshakupa mama mkwe, majirani na mapolisi, uchague mwenyewe.

Mumewe hakuwahi kulalamika. Yeye alikuwa mwongoza ndege, kule kwenye mnara wa kiwanja kilichokuwa nyuma tu ya mtaa wao, na watu walimwita Bwana Mnara. Maneno yake yalikuwa machache, yamepimwa. Hata mezani, watoto wao walipokuwa wadogo wakigombea bakuli, yeye aliwapanga foleni: "Wewe subiri. Wewe shuka. Wewe ruksa." Walimcheka sana, lakini walisubiri.

Basi mwaka wa pili baada ya Bwana Mnara naye kustaafu, asubuhi moja akiwa ameinama anafunga kamba za viatu, kiharusi kikamwangusha. Alipona, Mungu ashukuriwe. Mguu ulirudi, mkono wa kulia ukarudi nusu, na akili ilikuwa timamu vilevile. Kilichogoma ni maneno. Neno alikuwa analijua na analiona, ila likifika mdomoni linakwama kama kabati kubwa kwenye mlango mdogo. Silabi ya kwanza inatoka, zilizobaki zinabaki ndani.

Daktari wa usemi, dada mmoja mpole mwenye miwani, alimweka Mwalimu kando akamwambia, "Mama, udongo uwahi ungali maji. Miezi sita hii ya kwanza ndiyo yenyewe. Asipoutumia ulimi sasa atauzoea ukimya, na ukimya ukishazoeleka kuutoa ni kazi. Kwa hiyo mwache aseme..."

"...mwenyewe," akamalizia Mwalimu. "Nimekuelewa kabisa, mwanangu."

Alielewa nini? Jamani, mapenzi nayo yana ukaidi wake. Siku ile ile walipofika nyumbani alipita chumba hadi chumba akitafuta cha kumkinga mumewe. Alinyamazisha redio. Alifunga madirisha mawili makubwa ya sebuleni, yale yanayotazama kiwanja, kwa sababu ndege zilipita juu ya paa mpaka vijiko vikalia kabatini, na mgonjwa anataka utulivu. Kisha akakaa kando ya kiti cha mumewe, tayari kwa huduma.

"Ki...," mume anaanza.

"Kiti? Umekikalia. Kijiko? Kikombe? Kitambaa? Kichwa kinauma?"

Anatikisa kichwa mara tano, mara sita, mwishowe anaitikia lolote lile ili mambo yaishe. Siku moja alikubali kijiko, akakaa nacho mkononi mpaka jua likazama. Na alasiri, ikigonga saa kumi, aligeuza shingo akahangaika, "Fu... fung..."

"Kufunga? Mlango nimefunga, geti nimefunga, madirisha usiseme. Humu haingii hata nzi. Tulia, mume wangu."

Kesho yake, saa kumi, "Fung..." na Mwalimu akaenda kuhakikisha makomeo. Ilikuwa hivyo kila siku, na kila siku alirudi akijisifu kimoyomoyo kwamba anamwelewa mumewe kuliko daktari yeyote.

Mwezi wa nne Bwana Mnara aliacha hata kuanza. Akitaka maji alinyoosha kidole. Binti yao akipiga simu kutoka mbali, alitikisa kichwa, simu irudishwe kwa mama. Mwalimu alihesabu kwenye kalenda ya jikoni, akaona imebaki miezi miwili. Siku hiyo aliingia bafuni akafungulia bomba hadi mwisho, akalia humo asisikike.

Aliyegonga geti wiki ile alikuwa shemeji yake, mdogo wake Bwana Mnara, fundi wa kompyuta, mtu asiyejua kuingia nyumba ya watu bila kelele. "Shemeji! Umemficha kaka yangu humu kama hati ya kiwanja! Fungua geti, mikono imekatika." Alikuwa amebeba kompyuta, kioo kikubwa, na vile visikizi vya kuvaa kichwani vyenye maiki inayokuja mdomoni.

Alikuwa amemletea kaka yake mchezo wa kurusha ndege, na si wa kitoto. Ndani yake alikuwa amekijenga kiwanja chao: barabara ya kutua ndege, banda lenye bati jekundu, tangi la maji lililopinda kidogo, na ule mnara. Bwana Mnara alivaa visikizi, akasogeza kiti. Mwalimu alimwona akiinama, macho yakitembea kutoka kwenye tangi hadi kwenye bati, na midomo ikacheza. Kisha akatazama juu, angani. Akatazama tena. Hakukuwa na kitu. Anga lilikuwa jeupe, safi, halina hata ndege mmoja, wa mabawa ya chuma wala wa manyoya. Akavua visikizi, akavilaza mezani taratibu, akarudi kwenye kiti chake.

"Ana haki," shemeji akanong'ona jikoni. "Kiwanja kisicho na ndege ni pa kuanikia nguo tu. Lakini usihofu. Kuna vifurushi vya ziada, unaviongeza ndani ya mchezo, kompyuta yenyewe inarusha ndege nyingine. Kazi ni kuchagua."

"Chagua kizuri basi."

"Shemeji, vizuri ni vitatu."

Wakaanza na cha kwanza, kwa kuwa picha zake zilipendeza. Hapo ndege zilijaa, za kila rangi, mikia imepambwa. Bwana Mnara alitazama kwa dakika kumi nzima. Zilikwenda kwa ratiba yao, hazimsikilizi mtu. Kisha mbili zikatua pamoja kwenye barabara moja, moja ikapita katikati ya mwenzake kama mzimu, na hakuna aliyejali. Mzee alipiga meza kwa mkono wake mzima, kikombe kikaruka.

"Kaka amekasirika," shemeji akasema huku anatabasamu. "Dalili nzuri hiyo."

Cha pili kilikuwa na adabu. Ndege zilipishana, zilizungumza na mnara, na mnara ukajibu: sauti ya mwanamume, nzito, haikosei. Ilikuwa inafanya ile kazi yake yote, mbele ya macho yake. Bwana Mnara alisikiliza hadi ndege ya tatu. Akainuka, akaenda chumbani, akalala na uso umeelekea ukutani, na jua lilikuwa bado kali nje.

"Hapo tumemuua kabisa," alisema Mwalimu. "Hicho cha tatu kikoje?"

Shemeji, ambaye utani ulikuwa umemkauka, alijikuna shingo. "Cha tatu ni kikali. Mnara unabaki mtupu, wewe ndiye mnara. Ndege inaomba kutua, na usipoijibu kwa mdomo wako haitui ng'o. Inazunguka tu. Usiposikika vizuri inakwambia, 'Sema tena.' Halafu inasubiri."

"Unataka kumwaibisha kaka yako?"

"Ndiyo maana nilikiweka mwisho. Kinakubali kufundishwa lugha, nimekifundisha maneno yetu. Sauti za marubani nimerekodi mwenyewe dukani. Tena kuna mahali pa kubonyeza tu badala ya kusema, kama tukimwonea huruma."

Mwalimu alikaa kimya, na hilo peke yake lilikuwa tukio. Moyo ulimwambia mumewe aachwe abonyeze tu, apewe kilicho laini. Je, akishindwa na hiki hapa, si ndiyo basi tena? Atajaribu nini kingine? Akatazama kalenda, akatazama mlango wa chumbani uliofungwa. Alikumbuka kile kijiko, mzee wa watu amekaa nacho tangu mchana kwa sababu mke wake hakumpa nafasi ya kusema silabi ya pili.

"Weka hicho," alisema. "Na hiyo huruma yako izime."

Kesho yake alasiri Bwana Mnara alikubali kukaa mezani, labda kwa heshima ya mdogo wake tu. Ndege moja ndogo nyeupe ikatokea upande wa tangi. Sauti ya shemeji, aliyojitahidi kuikoroga iwe ya rubani mzee mwenye mafua, ikatoka kwenye spika ikasema, "Mnara, naomba kutua."

Mishipa ya shingo ilimsimama Bwana Mnara. "Ru...," akasema. "Ru..."

"Sema tena, mnara."

"Ru..."

"Sema tena, mnara." Sauti ilikuwa vilevile. Haikupanda, haikuguna, haikumhurumia.

Mwalimu hakuweza kuvumilia. Aliona jasho kwenye paji la mumewe, roho ikamruka, akainama juu ya bega lake, karibu na ile maiki. "Subiri, baba, usijichoshe..."

"Nasubiri, mnara," ikajibu ndege, na pale pale ikageuza bawa ikaondoka zake.

Loo! Bwana Mnara aligeuka. Miaka thelathini hakuna mtu aliyewahi kumgeuzia ndege kwenye mnara wake, na sasa mke wake mwenyewe! Alimtazama Mwalimu kwa macho mekundu, akanyoosha kidole kwenye mlango wa jikoni, na neno likatoka zima zima, safi, lina kichwa na mkia.

"Toka!"

Wote watatu wakaganda. Mwalimu akashika mdomo. Akatoka, kweli akatoka, akaenda kuegemea jokofu akalia na kucheka kwa pamoja. Sijasikia mwanamke mwingine aliyefukuzwa kwenye sebule yake mwenyewe akashukuru namna ile. "Amenifukuza," alimwambia shemeji aliyemfuata. "Umesikia alivyonifukuza?" Kisha wakatega masikio ukutani.

"Sema tena, mnara," ilisema ndege. Mwalimu aliuma kona ya kanga. "Sema tena, mnara." Shemeji alihesabu kwa vidole, vya mikono vikaisha. "Sema tena, mnara." Ikazunguka, ikarudi, ikaomba upya kama ndiyo kwanza inafika. Na mara, kutoka sebuleni, sauti iliyokwaruza ikasema, "Ruk... sa. Ru-ksa. Ku-tu-a."

"Ruksa kutua. Asante, mnara," ikajibu ndege.

"Ile 'asante' sikuiandaa," shemeji alinong'ona, macho yamemlowa. "Ilinitoka tu nikirekodi."

Toka siku ile Bwana Mnara alikwenda kazini. Alinyoa ndevu, alivaa shati la kola, alikaa mezani kuanzia saa tatu asubuhi. Siku ya kwanza alishusha ndege mbili, na baada ya wiki moja alishusha tisa. Mwezi ulipokwisha alikuwa akiwagombeza marubani. Na kule jikoni Mwalimu naye alikuwa shuleni, tena mwanafunzi mzito. Alijifunza kwamba mashine isiyompenda mumewe hata chembe ilikuwa imempa kitu alichonyimwa na yeye anayempenda kuliko wote: muda wa kumaliza. Mume akisema "Ki...", yeye alimeza kijiko, akameza kikombe, akameza kitambaa, kisha akasema kwa upole, "Sema tena." Na mume alisema tena. "Ki... kitabu." Kumbe kitabu! Miezi yote ile hakuwahi hata kukitaja.

Ikafika alasiri moja ya mwezi wa sita. Kompyuta ilikuwa imezimwa. Mwalimu alikuwa akikunja nguo sebuleni, saa ya ukutani ikagonga kumi, na Bwana Mnara akageuza shingo kama zamani.

"Fu... fung..."

Miguu ya Mwalimu ilikuwa tayari njiani kwenda kwenye makomeo. Neno "nimefunga" lilimfika kwenye meno. Akasimama. Akalishika.

"Sema tena," alisema.

"Fung..." Mzee alifumba macho. "Fu-ngu-a."

Mwalimu alimsogelea. "Fungua nini, mume wangu?"

"Ma... di-ri-sha."

Miezi yote ile. Kila siku saa kumi, mtu anaomba afunguliwe, na yeye anakwenda kukaza makomeo. Alivuta pazia, komeo la kwanza lilikuwa limeshika kutu ikabidi alipige kwa kandambili, la pili likakubali kwa mkono. Upepo ukaingia, vumbi likaingia, na nyuma yake mngurumo, kwanza mdogo, kisha vijiko vikaanza kulia kabatini. Ilikuwa ndege kubwa ya saa kumi, ile aliyoishusha miaka thelathini. Ilipita juu ya paa tumbo likionekana, magurudumu yameshashushwa.

Bwana Mnara aliitazama hadi ilipogusa chini. Akatazama saa ya ukutani, akatikisa kichwa, akasema jambo. Mngurumo ulimeza herufi ya kwanza. Mwalimu alisikia "...mechelewa" tu, na hakujua kama mumewe amesema "imechelewa", yaani ndege, au "umechelewa", yaani wewe.

Angeweza kumwambia aseme tena. Hakumwambia. Alikuja akapiga magoti kando ya kile kiti, akamshika ule mkono wa kulia uliorudi nusu.

"Nimechelewa kweli," alisema. "Asante kwa kunisubiri."