Upindo wa sketi ya shule

Jumamosi nilikuwa kwa fundi cherehani Kariakoo, nasubiri suruali yangu ipunguzwe. Kwenye benchi la baraza wanaume wawili wenye vikombe vya kahawa walikuwa wanaiamulia nchi ya watu, ile iliyovamiwa na jeshi la jirani yake.

"Dawa ya moto ni moto," alisema mmoja. "Wapige!"

"Wapige na nini? Wakae mezani waongee," alijibu mwenzake.

Mbele yao mama mmoja alikuwa anamkabidhi fundi sketi ya shule. "Acha upindo mkubwa, niwe naushusha binti akirefuka."

"Mkubwa kiasi gani, mama?"

"Hata sijui. Shule yao huko kwetu imegeuzwa kambi ya wavamizi, sijui atairudia lini."

Yule wa moto akaweka kikombe chini. "Pole, mama. Kumbe ni wa huko. Sasa wewe unaonaje, nchi yenu ipigane au iongee?"

Mama aliinyoosha sketi kwa kiganja. "Watoke tu, baba. Kwa bunduki au kwa maneno, hayo watajua wakubwa. Mimi naomba watoke kabla upindo haujaisha."

Fundi, kwa huruma, akakunja kitambaa upana wa vidole vinne. Mama akautazama upindo ule, akatikisa kichwa.

"Punguza, fundi. Usiwape muda wote huo."

Nimewasikia wakubwa wengi wakimpangia adui siku ya kuondoka. Mama huyu ndiye wa kwanza niliyemwona akiipima kwa upindo wa sketi.