Dressing ya mawe, dressing ya vidonda, na wiki niliyofungasha sanduku

Wakuu, amosou uru, nawasalimu nyote. Mimi ni nyanya wa watu, simu ni ya mjukuu, lakini haya yalinipata mwenyewe na sitayatia chumvi.

Juzi huyo mjukuu aliniambia ananunua dressing ya saladi. Nilicheka mpaka akauliza, "Kwani nyanya una nini?"

Hilo neno nimeishi nalo, wacha tu.

Miaka ya sitini, Uhuru ukiwa bado mchanga, baba yangu alikuwa fundi wa mawe Homa Bay. Foremani aliiita kazi yao dressing: unachonga jiwe mpaka uso wake unyooke.

Mjomba naye alikuwa mpishi wa mapadri upande wa Asumbi. Kwake dressing ilikuwa mafuta na siki ya kumwagia majani mabichi. Tulimhurumia sana, majani mabichi jamani! Halafu bwana shamba akija Rodi Kopany siku ya soko, alihubiri dressing ya mbegu za pamba, yaani kuzichanganya na dawa kabla ya kupanda.

Basi nilipopata kazi ya dresa, kuosha na kufunga vidonda kwenye dispensari moja upande wa Migori, baba alizunguka kwa majirani akitangaza, "Msichana wangu pia ameingia dressing!"

Wueh, alivyofurahi! Hakuna msichana wa kwetu aliyekuwa amewahi kuvaa gauni jeupe la kazi.

Nilikuwa kwa majaribio. Dresa mkubwa, Mzee Okumu, hakuwa na maneno mengi ila alikuwa na sheria yake moja. Ukimuumiza mgonjwa kwa uzembe, humgusi mtu yeyote tena mpaka mgonjwa huyo huyo akuite mwenyewe. Wiki ikiisha hajakuita, unarudi kwenu.

Mimi nilikuwa na mikono myepesi na kiburi cha kutosha.

Jumatatu moja ikafika zamu ya Marwa, Mkuria wa makamo aliyechimba dhahabu kule Masara. Jiwe lilikuwa limemwangukia mguuni siku chache kabla. Bendeji ilikuwa imegandana na kidonda, na kila dresa anajua unailowesha kwanza kwa maji ya chumvi yenye uvuguvugu, halafu unangoja.

Maji yalikuwa bado jikoni. Foleni ilikuwa ndefu. Nikavuta.

Haki ya Mungu, wakuu, yule mtu mzima alilia mbele ya foleni nzima. Kidonda kilifunguka upya, damu mpaka sakafuni. Mzee Okumu akachukua trei mikononi mwangu na kuniambia, "Binti, kaa kando."

Marwa akalazwa pale pale. Jumanne nilienda kitandani kwake kuomba msamaha, akageukia ukuta.

"Sista, enda. Mkono yako ni ya kuponda mawe."

Nilitoka nje nikaona aibu mpaka nikashindwa kula. Nilimuwaza baba na majirani zake wote. Halafu nikakumbuka anavyofanya kazi. Kabla ya kuligusa jiwe hulimwagia maji, anakaa chini, anavuta kiko, anangoja nyufa zijionyeshe. Tulipokuwa wadogo tulimwita mvivu!

Kuanzia Jumatano nilichemsha maji mwenyewe mapema, nikayaweka karibu na kitanda cha Marwa yakiwa vuguvugu, nikakaa. Mikono mapajani. Mzee Okumu alikuja, akalowesha, akafunga, akaenda.

Alhamisi Marwa akachoka kunyamaza. Akanieleza kwamba huko kwao mgodini pia mzungu aliita kazi dressing: mnaponda mawe, mnaosha taratibu. Ukiharakisha, dhahabu inaenda na maji.

"Kumbe hata wewe mzee ni dresa," nikamwambia.

Akacheka kidogo, lakini hakuniita.

Ijumaa ndiyo ilikuwa mwisho. Sanduku langu lilishafungwa, nauli ya basi nimeifunga kwenye leso. Niliweka maji kama kawaida nikakaa pale nikijikaza nisilie. Mzee Okumu akaingia na trei.

Marwa akainua mkono. "Wewe wacha leo. Sista afanye."

Mzee Okumu akamtazama. "Si huyu ndiye alikuumiza?"

"Ndiyo. Kwa hivyo anajua mahali inauma."

Wakuu, machozi yalinitoka hapo hapo na sikuyafuta, mikono ilikuwa na kazi. Nililowesha ile bendeji, nikangoja, nikalowesha tena. Ilitoka yenyewe, na Marwa hakukunja hata uso. Nilimfunga kila siku mpaka akaondoka kwa miguu yake, na kazi hiyo niliifanya hadi nikazeeka nayo.

Nilichojifunza ni hiki: mtu uliyemuumiza usimkimbie. Rudi ukae karibu naye, hata kama hataki kukuona. Akikuita tena, nenda polepole.

Sasa nyinyi mafundi wa humu, huko kwenu dressing ni kazi gani? Na kama uliwahi kumuumiza mtu halafu akakuita mwenyewe, tuambie alisema nini. Hadithi hizo ndizo nitamwambia mjukuu anisomee mara mbili.